Fungu la 30,031

Mwezi uliopita fundi alikuja kuziba ufa kwenye baraza yangu. Alimwagia maji ule mchanganyiko wake na harufu ikapanda: harufu ya saruji mbichi, ya ubaridi, kama jiwe lililoamshwa usingizini. Wenzangu wa rika hili wakinusa kitu cha utotoni humkumbuka bibi, au uji wa mtama, au angalau mchumba wa kwanza. Mimi nilikumbuka namba. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi, shahada mbili ukutani na miwani puani, nikatamka kwa sauti, "Elfu thelathini na thelathini na moja." Fundi akadhani nahesabu matofali yake. Akaapa kwamba hajachukua hata moja.

Tulikaa Tororo, Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, upande ule ambao upepo hupeleka vumbi. Sisi ni Wasamia wa Busia, upande wa Kenya. Baba alikuwa amevuka mpaka kufuata kazi. Vumbi lilikaa juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, kwenye nyusi za Baba. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wanaume wote huzeeka mchana wakiwa kazini, kisha wakioga jioni huwa vijana tena. Niliwaonea huruma wanawake, ambao walioga wakabaki vilevile.

Mifuko iliyochanika wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka nayo. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa zilizovikwa moja ndani ya nyingine. Ya nje chafu, ya ndani kabisa chafu zaidi, lakini zile za katikati ni safi, za kahawia, imara, na penseli hutembea juu yake vizuri. Watoto wa majirani walifunikia madaftari yao. Mimi nilifanyia hesabu, maana daftari langu lilikuwa la shule, na hesabu zangu nyingi hazikuwa za shule.

Aliyeniharibu ni Mwalimu Owor. Alikuwa Mjapadhola wa Nabuyoga, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimisha kunyamaza ili tuisikie. Siku moja alimwaga vizibo vya soda juu ya meza. Akavipanga kumi na viwili: mistari mitatu ya vinne vinne, kisha mistari miwili ya sita sita. Akapanga kumi na vitano. Halafu akachukua saba, akavisukuma huku, akavisukuma kule, navyo vikakataa. Vilikubali mstari mmoja tu mrefu.

"Hii namba nakataa kupangwa," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Nakwenda tu hivyo, bila mwisho. Na hakuna mtu najua kanuni ya kuzipata."

"Hata Wazungu, Mwalimu?" nikauliza.

"Hata hao."

Siku hizi vitabu vya Kiswahili huziita namba tasa. Sijui nani alilichagua jina hilo, ila nina hakika hakuwa mwanamke. Mimi niliziita namba kaidi, kwa kuwa kaidi ndilo neno nililoitwa nyumbani kila siku, nikaona tumekwisha kuwa ndugu. Na kama ndugu zangu hawana kanuni inayojulikana, basi nitaitafuta mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuona kikwazo chochote.

Kila likizo nilipelekwa Busia kwa Shangazi Ajambo, dada mkubwa wa Baba, aliyeuza nyanya na vitunguu sokoni, hatua chache kutoka mpakani. Aliniita "Mama," kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Hilo halikumzuia kunituma maji mara sita kwa siku. "Mama, ndoo hiyo haijai kwa kuitazama." Hakuwahi kukaa darasani hata asubuhi moja, lakini sokoni hakuna aliyepanga mafungu kama yeye. Wenzake walirundika tu. Yeye alichagua idadi.

"Fungu dogo ni sita," alinifundisha. "Nyumba ya watoto wawili, watagawana. Nyumba ya watoto watatu, watagawana. Fungu kubwa ni thelathini. Wawili, watatu, watano, wote watagawana na hakuna atakayelia. Ukiuza fungu la nane, Mama, umeuza vita."

Kisha juu ya kila fungu aliweka moja ya ziada, nyongeza, mbele ya macho ya mnunuzi.

"Kwa nini moja tu?"

"Kwa sababu moja haigawanyiki. Watoto watagawana sita zao, na ile moja ni ya mwanamke aliyebeba kikapu. Hakuna wa kumdai. Kwa nini unadhani wanawake wanaruka meza za wengine wanakuja kwangu?"

Nilikuwa nimeshika nyanya ya nyongeza, nikaiweka juu ya sita, na masikio yangu yakapata moto. Sita na moja ni saba. Saba ni kaidi. Nikatazama fungu la vitunguu. Thelathini na moja: kaidi. Nikaanza tena kutoka mwanzo, polepole, nikiogopa isije ikakimbia. Mbili mara tatu, sita. Mara tano, thelathini. Shangazi alikuwa akizidisha namba kaidi zenyewe, moja baada ya nyingine, bila kujua, kisha anaongeza moja. Niliendeleza mahali alipoishia yeye, kwa kuwa hakuna nyumba Busia iliyohitaji fungu kubwa zaidi. Mara saba, 210. Na nyongeza, 211. Niliporudi Tororo niliijaribu kwenye karatasi ya saruji kwa kila kigawanyo. Kaidi. Mara kumi na moja, 2,310. Na nyongeza, 2,311. Ilinichukua jioni mbili. Kaidi.

Na sababu niliijua, au nilidhani naijua. Fungu limejengwa kwa mbili, tatu, tano, saba. Ukiligawa kwa yeyote kati ya hao, linaisha sawasawa, na ile nyongeza inabaki mkononi. Daima inabaki moja. Kwa hiyo nyongeza huharibu kila mgawanyo duniani. Hivyo ndivyo nilivyohitimisha, na nimewahi kusikia watu wenye vyeo vikubwa kuliko vyangu wakihitimisha mambo kwa namna hiyohiyo.

Nilimpelekea Mwalimu Owor karatasi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Hii umetoa wapi?"

"Sokoni, Mwalimu."

Hakucheka. Alisema niipige inayofuata, mara kumi na tatu, na nisirudi bila jibu.

Sasa lazima niseme jambo lililokuwa likiendelea nyumbani, maana bila hilo namba hii ingekuwa mchezo tu. Lilikuwa darasa langu la mwisho la msingi. Shangazi alikuwa ameomba nihamie kwake moja kwa moja mwaka ule ukiisha: miguu yake ilikuwa ikivimba, hakuwa na binti, na mimi nilikwisha kujua kupanga. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wavulana wawili nyuma yangu, na aliamini kwamba msichana anayejua kusoma barua amekwisha kufika. Mama alinitaka niendelee na masomo, lakini katika mambo ya dada wa mumewe alijua kunyamaza.

Mwalimu Owor alikuja nyumbani Jumapili moja. Akamwambia Baba kwamba kuna shule ya bweni ya wasichana, inaendeshwa na masista, na kila mwaka Sista mkuu wao hupita shuleni kwetu kuchagua msichana mmoja. Mmoja tu. Safari hii atakuja Ijumaa ya wiki ya mwisho, na yeye Mwalimu atanisimamisha ubaoni na kanuni yangu.

Baba, aliyekuwa ametoka zamu, alitafakari, vumbi likiwa kwenye kope. "Sista akimchukua, ataenda," akasema. "Asipomchukua, ni Busia. Sitaki maneno mengine."

Kwa hiyo kati yangu na maisha ya nyanya ilisimama 30,031.

Mwalimu alikuwa ametufundisha njia: jaribu kugawa kwa kila namba kaidi, na ukifika mahali ambapo jibu limekuwa dogo kuliko kigawanyo, simama, huna tena cha kutafuta. Kuanzia kumi na saba hadi 173, vigawanyo thelathini na vinne. Leo mashine humaliza kazi hiyo kabla hujapiga chafya. Mimi nilitumia karibu mwezi. Nilifanya hesabu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafanya huku nikimbeba mdogo wangu mgongoni, nikafanya kanisani kichwani wakati wa mahubiri, na Mungu anisamehe, nilifika 97 siku ile tuliyohubiriwa juu ya kondoo tisini na tisa. Wavulana nyumbani walinitania. "Dada anagawa hewa," walisema, "na bado sisi hatujapata fungu letu." Kila kigawanyo kiliacha baki. Nilipomaliza 173 nilikunja karatasi zote, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikampelekea Mwalimu. Alizipima mkononi kama mtu anayepima unga. Akafungua mbili tatu, akazikagua, akaridhika. Kesho yake walimu wote walijua.

Shangazi aliwasili Jumatano, amekaa upande nyuma ya baiskeli ya kukodi, kikapu mapajani. Alikuwa amekuja kunichukua. Hakuwa na shaka yoyote, hata alikuwa ameniletea kanga ya kazi. Jioni tulichambua maharage, nami sikuweza kujizuia.

"Shangazi, nimepata fungu ambalo hakuna watu wanaoweza kuligawana. Wawe wangapi."

"Lina ngapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza lilivyojengwa, kutoka kwenye sita yake hadi kumi na tatu, na nyongeza juu.

Akaendelea kuchambua. "Wale uliolijengea hawawezi. Wawili, watatu, watano, hao wote uliwaweka hesabuni, nyongeza itawashinda. Hilo nimekuelewa."

"Basi."

"Basi nini? Na ambao hukuwahesabu?"

"Ambao nini?"

"Mama, hujawahi kuona matanga? Unapika kwa watu unaowajua. Halafu linatokea lori kutoka Mumias, limejaa wakwe ambao hakuna aliyekuwa na habari nao, wanakaa, wanakula, na chakula kinawatosha kamili kana kwamba kilipikwa kwa ajili yao. Fungu lako halikujengwa kwa ajili yao, wala kwa kuwakataa. Unajuaje kama hawatagawana?"

"Nimewajaribu wote! Thelathini na wanne!"

"Sawa."

"Nimewajaribu, Shangazi!"

"Mbona unapiga kelele? Nimesema sawa."

Ile "sawa" sikulala nayo vizuri. Kulipokucha Alhamisi nilikuwa nimejaa hasira ya kutaka kumwonyesha, na njia ya kumwonyesha ilikuwa moja: kurudia yote. Shule ilikuwa imemaliza mitihani, nilikuwa na siku nzima. Nilimwomba Mwalimu karatasi zangu, nikasema nataka kuzinakili kwa mwandiko mzuri. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kitaaluma.

Kumi na saba, baki tisa, sawasawa na mwanzo. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Saa sita mchana nilifika 53 na nilikuwa nikiimba. Kisha 59. Mia tatu, mara tano, baki tano. Shusha tatu: hamsini na tatu, haitoshi, andika sufuri. Shusha moja: mia tano thelathini na moja. Hamsini na tisa mara tisa. Kwenye karatasi ya zamani nilikuwa nimeandika 521, baki kumi. Tisa mara tisa ni themanini na moja. Andika moja, beba nane. Mwezi uliopita nilikuwa nimebeba saba.

Tisa mara tano arobaini na tano, na nane, hamsini na tatu. Mia tano thelathini na moja. Baki sufuri.

Nilifanya mara nne. Kisha nikazidisha kurudi nyuma, 59 mara 509, nikiomba nikosee. Sikukosea. Watu hamsini na tisa wangeweza kukaa chini, kila mmoja akapata 509, na wakainuka bila ugomvi.

Shangazi alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba. Akaziangalia karatasi miguuni pangu. Kisha akasema, "Wamekuja?"

"Hamsini na tisa."

Nilitazamia acheke. Alikaa kwenye ndoo, akakunja miguu yake iliyovimba. "Sista atajua?"

"Hapana. Hatazijaribu."

"Mwalimu?"

"Alikagua mbili tatu tu."

"Basi tunajua wewe na mimi, na mimi sijui kusoma."

"Nifanye nini, Shangazi?"

"Mimi usiniulize. Nikikuambia sema, utaniona nakuvutia Busia. Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimekufundisha nini?" Akainuka kwa shida. "Maharage yamebaki nusu. Njoo."

Ijumaa Sista alikuja, mwanamke mdogo mwenye viatu vya kiume na Kiswahili cha kamusi. Alikaa mbele karibu na Baba, aliyekuwa ameoga asubuhi na kwa hiyo alikuwa kijana. Shangazi alisimama mlangoni na kikapu. Msichana mwingine, wa kutoka kijiji cha Kwapa, alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Kisha Mwalimu Owor akaniita. Akaeleza namba kaidi kwa ile sauti ya chini, akaeleza kwamba msichana huyu wa darasa lake amepata kanuni. Aliniita msichana wa darasa lake mara mbili. Nikachukua chaki.

Nikaandika 3, 7, 31, 211, 2,311. Nikaandika 30,031. Mkono ulisimama hapo.

Ningependa kuwaambia kwamba niliongozwa na uadilifu. Miaka mingi nimesimulia hivyo kwenye hotuba za kufunga shule, na wazazi hupiga makofi. Kweli ni kwamba ile namba ilinikera. Ilikuwa imekaa pale ubaoni ikijifanya kaidi, na nilijua ndani yake wamo hamsini na tisa wamejificha, na sikuweza kuvumilia inicheke mbele ya watu. Kama ingekuwa dhambi isiyo ya hesabu, ningenyamaza.

"Hii inagawanyika," nikasema. Nikaandika chini yake: 59 × 509. "Kanuni imevunjika."

Mwalimu Owor alinigeukia polepole. "Lini ulijua?"

"Jana."

"Jana. Na leo asubuhi ulinisalimia, ukanyamaza."

"Niliogopa, Mwalimu."

Akaninyang'anya chaki. Nilidhani atanichapa. Akaanza kuzidisha mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, mgongo wake umetuelekea, na darasa zima likasikia chaki tu. Alipofika mwisho alipiga mstari chini ya 30,031. Kisha akageuka, na sauti yake ilikuwa ileile.

"Madaftari," akasema. "Andikeni. Hii kanuni nafanya kazi mara tano, mara ya sita nakufa. Andikeni pia nani aliiua."

Sista alikuwa ameandika kitu kidogo. Alinipa mkono, akasema mimi ni mtoto mkweli, na akamchukua msichana wa Kwapa. Sijawahi kumlaumu. Yule alisoma vizuri kwelikweli.

Nje, kwenye jua, Baba alivaa kofia yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyetoa neno. "Basi, dada," akamwambia Shangazi. "Mtoto huyo hapo."

"Simtaki," akasema Shangazi.

"Humtaki nini? Si umemjia?"

"Nilimtaka jana."

"Ajambo, usinichezee mbele ya watu."

"Nani anacheza? Umemwona mle ndani? Mnunuzi amekaa, ameridhika, hana macho ya kuona kasoro, na huyu anamshika mkono anamwonyesha! Bila kuulizwa! Nitamweka wapi sokoni? Siku ya kwanza tu atawageuzia wateja nyanya zangu upande uliooza. Wiki ya pili atakuwa amenimaliza." Alikuwa akisema kwa sauti, watu wakaanza kusogea, naye akazidi. "Mtafutie shule, ndugu yangu. Huko ndiko wanakofuga watu wa kutafuta makosa. Mimi nina biashara."

Baba alivua kofia, akaivaa tena. Neno lake lilikuwa Sista au Busia, na sasa vyote viwili vimenikataa. Hakuwa amejiandaa kwa baki.

"Na miguu yako?" akauliza mwishowe.

"Miguu yangu ni yangu." Akanitazama, macho makavu, akanitupia ile kanga ya kazi kifuani kama anayeondoa takataka. "Mama, ukae huku. Na ukirudi likizo, usiguse meza yangu."

Alishikilia neno hilo. Likizo zote zilizofuata nilichota maji tu.

Mwalimu Owor alimshawishi Baba nirudie darasa ili nijaribu shule nyingine mwaka uliofuata. Siku ya kwanza wenzangu wapya walikuwa wadogo kuliko mimi kwa kimo cha kichwa, na mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mama wa mtu fulani. Nilikaa dawati la mbele, nikatandika karatasi, nikazidisha 30,030 mara kumi na saba, nikaweka nyongeza. 510,511. Mwalimu alikuwa bado anaita majina. Nilianza kugawa kwa kumi na tisa.